Randa Iliyoonja Mafuta

Mpaka leo hakuna aliyeweza kueleza ni vipi ubao mkavu, uliokaa darini hadi ukapauka, utoe maranda yenye jasho. Waliokuwepo kila mmoja ana lake la kusema. Mke wa seremala ndiye aliyeyashika kwanza, basi tuanze naye.

Asubuhi alichota maranda chini ya meza ya mumewe ili awashie jiko, kama kawaida yake. Yakakataa kuwaka. Yalijikunja, yakachuruzika, yakatoa harufu ya nywele zinazoungua. Alipoyagusa yalikuwa laini na vuguvugu, kama ngozi inayobanduka kwenye lengelenge. Akajifuta vidole kwenye gauni, kisha akajuta kujifutia hapo.

"Jana uliranda nini, mume wangu?"

"Niliranda hasira zangu," akajibu seremala. "Hii randa mpya ni balaa. Kisu ukikipunguza, inateleza. Ukikiongeza, inanyofoa. Ile ya zamani ilikuwa na adabu zake."

"Lakini jana jioni niliisikia inakwenda vizuri."

"Niliipaka mafuta chini."

"Mafuta gani? Si huwa unapaka mshumaa?"

"Mshumaa uliisha. Nikachukua yale ya nyama, yaliyoganda kwenye sufuria. Usinitazame hivyo. Mama anahitaji kitanda."

Mama mkwe alikuwa hawezi kugeuka mwenyewe, na kitanda chake kilibonyea katikati kama susu ya kutundikia vyombo. Vidonda vya mgongoni vilikuwa vinaingia ndani. Bila kitanda kilichonyooka, vingefika mfupani.

Akaingia kumwosha. Huku nje randa ikaanza, shiii, shiii, na kila inaposukumwa ilimalizia kwa sauti ndogo ya majimaji, kama mtu anayelamba midomo. Bibi kizee akashtuka.

"Mwanangu," akanong'ona, "mwambie mumeo apumzike kidogo."

"Kelele zinakusumbua, mama?"

"Si kelele. Akisukuma, nasikia mgongoni."

Mke akafunua shuka. Pembeni ya vidonda vile alivyovizoea palikuwa na utepe mrefu uliokosa ngozi, upana wake sawa na kisu cha randa, kingo zimenyooka, bila tone la damu, unameta kama nyama iliyooshwa. Na alipokuwa bado anautazama, huku mkono umemziba mdomo na uvundo wa mafuta yaliyochacha unapanda kooni, nje ikalia shiii nyingine, na utepe wa pili ukajifungua polepole kutoka begani kushuka kiunoni, kama mtu asiyeonekana anayemenya kiazi.

Alitoka mbio akiita. Seremala alikuwa ameinama juu ya meza, analia kama mtoto, mikono imeng'ang'ania randa ambayo sasa ndiyo iliyokuwa inamvuta. Kwenye maranda mlikuwa na mvi. Mke akamkamata kiunoni, wakaanguka wote chini, randa ikamtoka mikononi.

Mganga aliyeitwa alikuwa na mafua, lakini hata hivyo alisimama mlangoni akaziba pua.

"Huyu jini hana ugomvi na nyinyi," akasema taratibu. "Ana njaa tu. Ameonjeshwa mafuta, sasa mbao anaziona makapi, anamla anayetengenezewa kitanda. Anakaa pale chini ya kisu. Kitolewe kwa mkono mtupu, kichemshwe kwenye maji ya chumvi. Ila si mkono uliomlisha."

"Basi kitoe wewe!" seremala akasema.

"Mimi? Mimi nimekuja kushauri."

Aliyeamua ni bibi kizee, akiwa amelala kifudifudi. "Maranda yazikwe kwa heshima, ni mwili wangu yale. Mwanangu achimbe. Na kisu akitoe mkwe wangu. Kila siku ananiosha uozo huu, hajawahi kukunja uso."

Mke akainamisha kichwa. Kila siku alikuwa anabana pumzi, na alijua kwamba mama analijua hilo.

Seremala akachimba nyuma ya nyumba, akayazika maranda. Mke akakunja mikono ya gauni, akaing'oa kabari inayobana kisu, akaingiza vidole kwenye mdomo wa randa. Ndani kulikuwa na joto na ute, na kitu kama ufizi wa mtoto kikavifumbata vidole vyake, kikaanza kunyonya. Safari hii hakubana pumzi. Akavuta, kikavuta, akavuta tena hadi kisu kikatoka kikiwa na kamasi, akakibeba mwenyewe hadi kwenye sufuria, akakaa hapo akikoroga mpaka maji yakaacha kupiga kelele.