Dada Niliyemwita Yaya

Krismasi kwetu Muyeye huanza kwa moshi. Mama huwasha jiko la maandazi kabla jua halijachomoza, Baba hufagia uwanja, nami humwogesha Tevin, ndugu yangu mdogo, ambaye maji na yeye ni maadui. Mwaka huu tulikuwa na mgeni. Dorcas, binti wa baba mdogo, alikuwa amekuja kutoka Vitengeni akae nasi hadi shule zifunguliwe. Sote wawili tuna miaka kumi na miwili. Tangu afike tulilala kitanda kimoja, tukicheka mpaka Mama akatugongea ukuta.

Asubuhi hiyo nilivaa gauni jipya la waridi. Mara Dorcas akatokea na sare ya shule, imepauka, kola ina kiraka. Ndiyo iliyokuwa nguo yake nzuri kuliko zote. Moyoni nilikasirika kana kwamba ameniharibia sikukuu makusudi.

Njiani nilitangulia kama vile sijuani naye. Dorcas alifuata, amembeba Tevin mgongoni. Langoni mwa kanisa Nyakio na Lynn, wenzangu wa kwaya ya watoto, walikuwa wakiningoja, wamependeza kwelikweli. Nyakio alimtazama Dorcas toka kola hadi ndara, akaniuliza yule ni nani.

"Ni yaya wetu," nikasema.

Neno lilinitoka vivi hivi. Nilipogeuka, Dorcas alikuwa nyuma yangu, karibu kiasi cha kunigusa. Alimweka Tevin sawa mgongoni, akaenda kuketi viti vya nyuma kabisa. Nami, mkavu wa macho, nikapanda mbele kuimba kwamba Mwokozi alikosa nafasi katika nyumba ya wageni.

Baada ya ibada Nyakio na Lynn walikuja kwetu kula pilau, kama watoto wa mtaa wafanyavyo siku hiyo. Mama alitandika mkeka, akaweka sinia, akatuita. Dorcas hakuketi. Alituletea maji ya kunawa, kisha akasimama kando na birika lake. Mama akamwambia aje ale na wenzake.

"Nitakula baadaye, mama mkubwa, nikishamaliza kazi," akajibu kwa upole. "Na kesho naomba nirudi nyumbani."

Mama alishangaa, maana Dorcas alikuwa ameingoja likizo hii mwaka mzima. Nyakio naye, bila nia mbaya, akasema yaya wetu ana adabu sana. Mama akauliza yaya gani.

Kusema kweli, nilitafuta uongo wa pili. Nikamwona Dorcas ameinamisha macho, nikashindwa.

"Si yaya, ni dada yangu," nikasema. "Baba yake na baba yangu ni ndugu, tumbo moja. Nilimkana kwa sababu ya sare yake. Dorcas, nisamehe."

Dorcas aliishika kola yake. "Jana niliifua mara mbili," akasema, "nisije nikakutia aibu."

Nililia mbele ya wenzangu mpaka kamasi zikaangukia gauni. Mama hakunibembeleza. Alilichukua birika, akamketisha Dorcas ubavuni pangu, akamnawisha yeye mwenyewe.

"Kila mwaka mnaimba kwamba Yesu alizaliwa zizini," akaniambia. "Aliacha enzi yake akaja kwetu, sisi wenye viraka vya kila namna, na hakuona haya kutuita ndugu. Krismasi ni hiyo, Priscilla. Gauni hata mti ungevishwa. Wewe umemwonea haya nani?"

Dorcas akanyoosha mkono kwenye sinia, akachukua kipande cha nyama kilichokuwa upande wake, akanisogezea. Hakuitaja tena safari ya kesho. Lakini nyama ile, jamani, niliitafuna nikiona aibu zaidi kuliko nilivyoona nilipokuwa nikilia.