Kuku wa Dative na Shitingi

Dative wa Nengo, mjini Gisenyi, alikuwa na kuku wanne. Mayai yao yalikuwa ya mtu mmoja tu: Umutoni, binti yake wa miaka miwili. Mtoto alikuwa ameugua, akakonda sana. Muuguzi alisema apewe yai kila siku, na Dative hakutaka mchezo na neno hilo. Hata mumewe Straton, mpenda mayai, alikula maharage yake tu.

Mwezi wa nne, mwaka 1997, mvua ilinyesha mfululizo. Upepo wa ziwani ukapenya kwenye kibanda cha kuku. Dative aliwaonea huruma. Alichukua shitingi, lile turubai la plastiki walilorudi nalo kutoka kambi ya wakimbizi ya Goma, akakifunga kibanda chote bila kuacha hata kitundu. Akajisifu moyoni.

Kumbe! Haukupita muda, kuku wakaanza kukohoa na kupiga chafya. Mayai yakakoma. Umutoni alisukuma sahani ya maharage, akageuza uso. Dative aliingiwa na hofu. Akamwita jirani yake Libérata, aliyefuga kuku miaka mingi kule Masisi.

"Mama Umutoni, juu ya nini umezifunga hivi?" Libérata aliuliza.

"Baridi iko mingi, dada. Nilitaka zipate joto."

"Kuku iko na manyoya yake. Baridi haimusumbui sana. Maji ndiyo inamuua."

"Maji itoke wapi? Mvua haiingii hata kidogo!"

"Ingiza mukono."

Dative aliingiza mkono. Shitingi ilikuwa ikitiririka maji kwa ndani, na harufu ya mavi ikamchoma macho.

"Kuku anapumua, na mavi yake iko na maji," Libérata alisema. "Ile mvuke itapita wapi? Kule kambini we ulikuwa unalala ndani ya shitingi. Asubuhi blanketi yako ilikuwa kavu?"

Dative alicheka mpaka akashika kiuno. "Kavu? Tulikuwa tunaikamua! Bon, nimeelewa. Tufanye nini?"

Walihamisha shitingi, wakaitandika juu ya paa, ikaning'inia nje ili mvua iangukie mbali. Upande wa upepo waliziba kwa mbao. Juu kabisa, chini ya paa, waliacha nafasi ya kutoa hewa chafu. Straton alipachika miti minene ya kulalia, usawa wa goti, ili kuku wasilale juu ya mavi. Sakafu waliiinua kwa mawe, wakamwaga maranda makavu ya seremala.

"Mavi utaitoa kila asubuhi," Libérata alisema. "Na zikiendelea kukohoa, ita veterineri. Usingoje."

Mvua haikupungua, lakini kuku walipona. Siku yai lilipopatikana, Dative alilichemsha, akalimenya, akampa Umutoni. Mtoto alilimaliza lote, akalamba vidole, akanyoosha mkono.

"Ingine!"

Furaha ilimjaa Dative. Akatoka mbio na mvua ile ile, kwenda kutazama kibandani.