Kikongosho na Ncha ya Ulimi

Bi. Mize alitafuna punje moja ya kitunguu thomu, akangoja kidogo, kisha akajitia kinywani pande la halua ambalo hata bwana harusi angelionea haya. Kwenye skrini ya ukutani, mstari wa sukari ya damu yake ulipanda, ukasita, ukashuka kwa adabu. Wageni waliokuja kushuhudia wakapiga makofi. Shemsa, mhandisi aliyekibuni chombo kile na aliyelelewa na shangazi yake huyo, akapumua.

Chombo kiliitwa kikongosho: chembe hai zilizopandwa chini ya ubavu, zimelala fofofo. Kinusio kilichofichwa kwenye ufizi kikihisi thomu huzipigia hodi, nazo humwaga insulini. Tafuna thomu, kisha kula; sheria ilikuwa hiyo tu. Tanga nzima ikaachana na sindano, na wenye waume wakazoea kulala na mtu aliyegeukia ukutani kukwepa harufu.

Ramadhani ikaingia. Miaka mingi Bi. Mize alikuwa hafungi kwa ugonjwa, akilisha maskini badala yake. Sasa akasema kisingizio kimekwisha. Shemsa akamsihi angoje, akajibiwa kwamba mtu hapewi miguu akaambiwa akae. Akapiga hesabu: asiyekula mchana hatafuni thomu, na bila thomu kikongosho kimelala. Hesabu ikakubali. Akamruhusu.

Alasiri moja alipokwenda kumtazama, alikuta roboti la jikoni likikoroga mchuzi peke yake. Shangazi alikuwa chini, jasho la baridi linamtoka, upawa mkononi. Kando yake palikuwa na bakuli la kutemea.

Hapo akaelewa. Roboti lilijua kukoroga, halikujua chumvi. Na mpishi aliyefunga huonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Tumbo halikupata kitu, ila ufizi ulipata thomu. Kikongosho kiliamshwa kwenda karamu isiyokuwepo, kikamwaga insulini, na sukari ya damu ikaporomoka.

Shemsa akachota asali kwa kidole. Bi. Mize akauma meno.

"Jua bado," alisema, kwa sauti ya mtu aliye chumba cha pili.

"Shangazi, unakufa. Mgonjwa karuhusiwa."

Meno hayakuachana. Huyu ndiye aliyemfunza Shemsa kutosema uongo, tena kwa kofi.

"Washaadhini, shangazi. Hukusikia tu."

Kinywa kikafunguka.

Asali ilifanya kazi yake. Taratibu macho yakarudi, na ujanja wake ukarudi nayo. Bi. Mize akatazama dirishani, ambako jua lilikuwa limekaa juu ya mapaa kama mgeni asiyejua kuaga.

"Mwadhini wako ana haraka," akasema. Kisha uso ukambadilika. "Na wenzangu?"

Shemsa akaenda dirishani. Harufu ya thomu ya kukaangwa ilikuwa ikipanda kutoka kila jiko la mtaa, na mtaa wa pili, na wa tatu. Akafungua kipaza sauti cha mji, kile kile alichokitumia kuwatangazia kwamba wamepona, akatafuta neno la kuanzia.

Ng'ambo ya uchochoro, jirani alikuwa akipuliza upawa, ulimi nje.