Trela Iliyoinamisha Kichwa

Jioni hiyo Kahiga alikuwa amebakiza boliti sita tu. Boliti sita za kukazwa, basi, trela yake ianze kubeba mitungi ya maziwa ya Mukurweini. Alitia spana mbili na tochi mfukoni, akashuka hadi karakana, nje kidogo ya mji wa Nyeri, akipiga mbinja. Ilikuwa Julai ya mwaka 1969, baridi ya kukata masikio, na ukungu ulikuwa umeufunika mlima tangu saa tisa.

Trela yenyewe ilitokana na vani kuukuu. Kahiga aliipata Timau, nyuma ya ghala la mzungu aliyeuza shamba la ngano akarudi kwao. Haikuwa na injini, na kuku walikuwa wakitagia ndani. Aliikata katikati kwa gesi. Upande wa dereva akautupa. Upande wa nyuma akaubakiza na ekseli yake na magurudumu mawili, akachomelea mbele vyuma viwili vilivyokutana kwenye ncha, na kwenye ncha hiyo akatia pete ya kuvutwa na trekta. Ilikuwa na mizani nzuri ajabu. Ukiinua pete kwa mkono mmoja, trela nzima inaitika.

Ukuta wa chuma uliokuwa ukimtenga dereva na mizigo sasa ndio ulikuwa uso wa trela. Na katika uso huo palikuwa na kidirisha, upana wa vidole vitatu, urefu wa kiganja. Hakikutoka kiwandani. Kuna mtu alikikata kwa patasi, tena kwa haraka.

"Ziba hiyo," Wamae alisema alipokiona siku ya kwanza. "Mvua itaingia kwa maziwa."

Wamae ndiye aliyemfundisha Kahiga kazi ya chuma. Lakini kusema hivyo tu ni kumpunja. Baba yake Kahiga alipochukuliwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, Kahiga akiwa na miaka minane, Wamae, kijana wa boma la jirani, ndiye aliyewapasulia kuni. Ndiye aliyemletea viatu vyake vya kwanza. Hata kabla ya msiba huo alikuwa akija na vipande vya sukari nguru, wanakaa wawili migombani, naye anamsikiliza mtoto akipiga porojo zake mpaka zinaisha. Ni watu wazima wangapi wana subira hiyo? Mdomoni Kahiga alimwita Fundi. Moyoni alimwita baba.

Baba wa kumzaa, aliyekuwa amejiunga na wapiganaji wa msituni, alichukuliwa asubuhi moja ya mwaka 1954. Watoto walifungiwa ndani. Wanaume walichuchumalishwa matopeni, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya gari la askari. Ndani ya gari hilo alikaa mtu aliyevishwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Watu walimwita Gakunia. Hakuwa na haja ya kusema neno. Akitulia, unarudi kwako. Akiinamisha kichwa mara moja, umekwisha.

Aliinamisha. Baba hakurudi, na kaburi lake halijulikani hadi leo.

"Nitamjua yule wa gunia," Kahiga alikuwa akimwambia mama yake, Watiri, karibu kila mwaka. "Hata nikiwa mzee." Mama aliendelea kukoroga chungu. Hakuna kitu kingine alichokitaka Kahiga duniani kama kulijua jina hilo.

Sasa, kidirisha. Wamae alikiziba kwa mkono wake mwenyewe, akakichomelea kipande cha bati. Asubuhi bati lilikuwa chini. Akaziba tena. Asubuhi, chini tena, na mshono umekatika safi. Kahiga alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ati Fundi, siku hizi unachomelea na mate?"

Wamae hakucheka.

Basi jioni hiyo Kahiga akafungua mlango wa nyuma wa trela, akaingia, akawasha tochi. Akakaza boliti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu...

Harufu ikamfikia kwanza. Gunia la katani lililoloa, na jasho la mtu mwenye hofu. Akadhani ni kuku wa Timau waliobakiza uchafu pembeni. Akamulika. Chuma kitupu.

Kisha akasikia pumzi.

Hhh... hhh...

Kahiga akabana pumzi yake asikilize vizuri. Ile nyingine ikaendelea. Ilikuwa karibu sana, puani pake hasa, nzito, kana kwamba inapita katika nguo.

Tochi ikazima. Mwanga pekee uliobaki ni ule mstari mwembamba wa kidirishani. Akauegemea kutazama nje, angalau auone mti wa karakana, moyo utulie.

Mti haukuwapo.

Palikuwa na matope. Palikuwa na wanaume wamechuchumaa kwa safu, mablanketi mabegani, na hakuna aliyekohoa. Mmoja akasimama. Alivaa koti la kijivu lenye kifungo kimoja. Kahiga alilikumbuka koti hilo la baba yake, maana kile kifungo cha pili mama yake amekihifadhi ndani ya Biblia mpaka leo. Mtu yule akatembea polepole, akasimama mbele, akatazama kidirishani moja kwa moja.

Baba, kimbia! Kahiga alitaka kupiga kelele. Mdomo ulijaa nyuzi za katani.

Akatazama chini. Mikono iliyokuwa juu ya magoti yake haikuwa yake. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimepinda nje, hakina ukucha. Kahiga alikijua kidole hicho. Ndicho kilichomshika mkono akamfundisha kuelekeza moto wa gesi bila kujiunguza.

Halafu kichwa chake kikaanza kushuka. Alikaza shingo. Kikashuka tu.

Mara moja.

"Kahiga! Uko huko ndani?"

Alijikuta sakafuni, tochi inawaka, nje trekta inanguruma. Wamae alikuwa amekuja kujaribu pete. Kahiga akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka. Wamae alikuwa amesimama mbele ya trela, hatua tano, bila kusogea karibu. Pete ilikuwa imelala juu ya jiwe, haijafungwa popote.

Pete ikainuka yenyewe kutoka kwenye jiwe. Ikakaa hewani kidogo. Kisha uso wote wa trela ukainama mbele ya Wamae, mara moja, taratibu.

Wamae akavua kofia.

"Ni wewe," Kahiga alinong'ona.

"Askari walinishika siku nne." Sauti ya Wamae ilikuwa ya chini kuliko injini. "Siku nne wakinizamisha kwa maji, Kahiga. Usiku na mchana."

"Umekula kwetu. Mama amekupikia miaka yote hii."

"Najua."

"Na mimi nikakuita..." Alilia kwa sauti, mtu mzima, bila aibu. Aliona amenyang'anywa baba mara ya pili, na mnyang'anyi ni yuleyule. Alipopata sauti tena akauliza, "Baba alikuwa msituni. Ulijua aje ati siku hiyo yuko nyumbani?"

Wamae alizungusha kofia mkononi. Akamtazama kwa ile subira ya zamani, ya migombani.

"Hiyo usiniulize."

"Nani alikuambia?"

"Nimekaa na hiyo kitu miaka kumi na tano ndio wewe usiijue. Wacha nibaki nayo."

Akageuka, akaondoka kwa miguu, trekta ikinguruma nyuma yake. Ukungu ukamchukua kabla hajafika barabarani. Tangu jioni hiyo hakuna mtu wa Nyeri aliyemtia machoni, na trekta yake haijadaiwa na mtu.

Kahiga akaokota nyundo. Alitaka kuupasua uso ule wa chuma, aupige mpaka kidirisha kisijulikane kilipokuwa. Akapita mbele ya trela, akasimama pale pale aliposimama Wamae, akainua nyundo.

Pete ikaondoka juu ya jiwe.

Trela ikainama.

Mara moja. Taratibu.

Kahiga aligeuka haraka kumwona aliyesimama nyuma yake.

Hakukuwa na mtu.

Nyundo ikamponyoka. Mdomoni, bila kula chochote tangu adhuhuri, akaonja utamu... utamu mzito wa sukari nguru. Na kutoka kidirishani ikaja sauti ya mtoto wa miaka minane, yenye kujivuna, inayodhani imebeba siri nzuri:

"Baba hajapotea. Huja Jumamosi kula, hupitia hapa kwa migomba. Usiambie mtu!"

"Siambii mtu," kijana Wamae akajibu, na kipande kingine cha sukari kikasikika kikivunjwa. "Endelea."