Ukungu Wenye Miguu

Uliiona. Usiniambie hukuiona. Picha ya mamba ilining'inia barazani pa boma miaka yote ile, nawe ulipita chini yake umevua kofia, ukasema, "Lo, dude hilo!" Kisha ukatazama pembeni. Ule ukungu ulio ubavuni mwa mamba hukuuliza ni nini. Basi leo kaa, usikie.

Mwaka wa elfu moja mia tisa na nane, sokoni Mwaya, Tusekile wa Matema alikuwa akiuza vyungu vya mama yake. Kaniki mpya kifuani, udongo mkavu bado kwenye kucha. Kijana mrefu akainama, akagonga chungu kwa kidole, akasikiliza. Akagonga cha pili. Cha tatu.

"Kaka, unanunua au unapiga ngoma?"

"Natafuta kinacholia kama sauti yako."

"Basi utavivunja vyote."

Alikuwa Lutengano, mtu wa Ngonga, mchukuzi wa sanduku la picha la bwana mmoja Mdachi aliyekuja kutazama mamba wa mabwawani. Lutengano aliwajua mamba kuliko huyo bwana.

"Mamba jike hubeba watoto wake kinywani," alimwambia Tusekile. "Kwa meno yale yale, na hamkwaruzi hata mmoja."

"Mwongo wewe!"

"Njoo nikuonyeshe. Ila kwa mbali. Akilinda mayai, hata hatua kumi hazitoshi."

Soko baada ya soko, wakapendana.

Asubuhi moja ya mawingu bwana akapiga picha soko lile. Lutengano akaileta karatasi kwa fahari. Tusekile akatazama: Lutengano yupo. Maria muuza ndizi yupo, amekauka kama kinu. Yeye mwenyewe, aliyesimama katikati yao, hayupo. Pana moshi tu.

"Umenifuta mimi, ukamweka Maria!"

"Mpenzi, sikiliza..."

"Kamwite yeye mpenzi!"

Majuma mawili hakukanyaga sokoni. Lutengano akapiga kasia hadi Matema, akamkuta akikanda udongo, akachuchumaa mbele yake.

"Ulikuwa unacheka, Tuse. Sanduku lile humchukua aliyetulia. Anayetikisika humfanya moshi. Nilikwambia acha kucheka, ukazidi."

"Kwa hiyo kosa langu?"

"La Maria. Yeye hana cha kumchekesha."

Tusekile akacheka huku machozi yanamtoka. Na Lutengano aliposema atamtuma mshenga mpunga ukishavunwa, Tusekile alikunjua waya wa shaba mkononi mwake, akauzungusha mara tatu kwenye kifundo cha mguu wa mwanamume yule.

"Ndaga," Lutengano alimshukuru kwa lugha ya kwao. "Imebaki picha moja tu, ya mamba jike kiotoni. Kisha nalitua sanduku la bwana."

Mpunga ukavunwa. Mshenga hakuja. Ikaja habari ya boma: Lutengano ametoroka kazini, siku moja kabla ya kufika kiotoni. Ameandikwa mtoro. Ukoo wake ukainamisha vichwa. Huko Matema wakamwambia Tusekile, "Kumbe alikuwa mpita njia!"

Miezi mitatu baadaye alipeleka vyungu vya jikoni boma, akaiona picha. Mamba jike juu ya kiota chake cha mchanga, kinywa wazi, kila jino linahesabika. Hatua tatu kutoka kwake, moshi wenye kimo cha mtu. Chini ya moshi, miguu miwili, imezama kidogo mchangani, imetulia. Kwenye kifundo kimoja, waya, mizunguko mitatu.

Alielewa yote. Bwana na watu wake walimsimamisha pale ili mamba apimwe ukubwa kwa kimo chake. Wakamwamuru atulie. Miguu ikatii, mwili ukashindwa; mamba akamrukia, nao wakaandika ametoroka.

"Karani, huyu ni nani?"

Lameck, karani wa boma, hakuinuka. "Ni ukungu, dada."

"Ukungu una miguu?"

"Dada, nina watoto."

"Mliandika alitoroka kabla. Hapa kiotoni amefikaje?"

Lameck akakifunga kitabu cha watoro kilichokuwa mezani.

Tusekile akaisogelea picha. "Hukunikimbia," alisema polepole. "Mshenga wako nimemwona, ni waya huu. Nimekubali."

Hakuolewa na mwingine. Na hadi leo Ngonga mtoto akikwepa kazi huitwa Lutengano, nawe unacheka nao. Acha kucheka. Kitabu cha watoro bado kipo pale boma, wewe ndiye unayekitunza sasa, na kalamu unayo. Inuka, kabla hujala chakula cha leo. Likate neno lile, mtoro. Andika: hakukimbia, aliuawa. Kisha nenda Ngonga ukawasomee kwa sauti.