Ndevu Hulowekwa Kwanza

Asubuhi Priska alipika uji wa uwele, kama kawaida. Akampelekea baba mkwe wake, Mzee Mazengo, barazani. Mzee alinywa mafunda mawili tu. Uji ukamwagika, ukanasa kwenye ndevu. Akasukuma kikombe, akageukia ukutani.

Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia hauna nguvu. Maneno humtoka kwa shida. Zamani alikuwa fundi wa ngoma hapa Kizota, na kila Jumapili alikwenda kanisani kidevu kikiwa safi. Sasa ndevu zilimjaa. Aliona aibu kula mbele ya watu, na alikuwa anakonda.

"Baba Anitha," Priska alimwambia mumewe, Stanley, "mzee hataki kula. Mnyoe."

"Juzi si alinisukuma?"

"Jaribu tena. Mimi siwezi kumshika mkwe wangu uso."

Stanley ni fundi wa kuchomelea mageti, na hupenda kazi za haraka. Bomba halikutoa maji siku hiyo. Alilowesha kiganja kidogo, akampangusa baba yake, akachukua wembe uleule wa juzi, anaoutumia yeye pia. Wembe ukakwaruza. Tone la damu likatoka shavuni.

"Ha-pa-na!" Mzee alisema, akimsukuma kwa mkono wa kushoto.

"Hodi hapa! Shikamoo, mzee." Alikuwa jirani yao, Mama Penina, mpiga ngoma wa kikundi cha akina mama. Akaona ile damu. "We Stanley! Hilo ni geti?"

"Mama, ndevu za mzee ni kama waya."

"Kwa sababu ni kavu. Baba yako alipotengeneza ngoma zetu, alinyoa ngozi ya mbuzi ikiwa kavu?"

Stanley alifikiri. "Hapana. Aliiloweka kwanza, mpaka nywele zilainike."

Mzee aliinamisha kichwa kukubali.

"Basi! Ndevu nazo ni nywele. Marehemu mume wangu nilimnyoa muda wote wa ugonjwa wake. Muuguzi ndiye aliyenifundisha. Priska, tuchemshie maji."

"Maji ni machache, mama."

"Bakuli linatosha. Hatuogeshi ng'ombe."

Maji yalipochemka, waliyapoza kwa maji ya ndooni yawe ya uvuguvugu. Stanley alisafisha mkwaruzo, kisha akaosha ndevu kwa sabuni mpaka uji na mafuta vikatoka. Akalowesha taulo, akalikamua, akalijaribu kwenye mkono wake lisije likaunguza. Akamfunika baba yake mashavu na kidevu.

"Liache," alisema Mama Penina. "Likianza kupoa, lowesha tena."

Mzee alishusha pumzi. Mabega yake yakalegea.

Kisha Stanley akachukua brashi ya kunyolea ya mzee. Alipiga povu zito, akalisugua taratibu kwa kuzungusha, nywele zikasimama.

"Ningoje tena?"

"Kidogo. Povu nalo linafanya kazi. Haya, ndevu zinalala upande gani?"

"Zinaelekea chini."

"Nyoa kuelekea hukohuko. Usikandamize. Palipokatika usipaguse leo. Na chukua wembe mpya, wa mzee peke yake. Damu ya mtu haichanganywi na ya mwingine."

Wembe ulipita bila kukwaruza. Walipofika kidevuni, mzee alikamata mkono wa mwanawe, akaulaza kidogo ili wembe usisimame.

"Hi-vyo," alisema.

Mama Penina akacheka. "Fundi amerudi kazini!"

Stanley akamsuuza, akamkausha kwa kitambaa bila kusugua. Priska akaleta uji mwingine. Safari hii pia ulimwagika kidogo. Mzee alipangusa kidevu mwenyewe, mara moja tu, kikawa safi. Akanywa mpaka mwisho, akamnyooshea Priska kikombe.

"Ongeza," alisema.

Siku hizi kila Jumamosi, Stanley akitoka kazini, kwanza anabandika birika jikoni. Mzee akisikia maji yanachemka, anavua kofia mwenyewe na kuinua kidevu.