Ugonjwa Uliopanda Baiskeli

Machage alikwisha kuyapita mashamba ya Turwa, anakanyaga baiskeli kurudi Kemambo. Nyuma, juu ya keria, binti yake Ghati alimshika shati kwa mikono isiyo na nguvu. Tangu alfajiri alikuwa akiharisha maji meupe, kama yaliyooshewa mchele. Kipindupindu kilikuwa kimeingia katika bweni la shule yake. Mwalimu Athanas alikataza mwanafunzi yeyote asitoke mpaka waganga wa hospitali wafike, lakini Machage hakumsikiliza. Bweni ndilo lenye ugonjwa, alisema, nyumbani haupo.

Njia nzima mtoto aliomba maji. Kwao anayeharisha hanyweshwi, ati tumbo lipumzike.

"Tata," alimwita baba yake, "hata tone la kulowesha ulimi."

"Vumilia, mama. Tunafika."

Alimshusha vichakani ajisaidie, kando ya kijito wanakochota maji wanakijiji. Walipofika nyumbani, bibi yake Ghati alikwenda kufua shuka alizochafua mtoto kwenye kijito hicho hicho. Kisha akanawa katika bakuli moja na wenzake, akala ugali.

Jioni aliitwa Rukaya, muuguzi wa zahanati. Alimwamkia bibi shikamoo, akainama, akaifinya ngozi ya tumbo la Ghati. Ikabaki imesimama.

"Nani kamnyima maji?"

"Mimi," alisema Machage. "Lakini nimemtoa kwenye ugonjwa."

"Hukumtoa, baba. Umeubeba kwenye keria. Haukai kwenye kuta za bweni, unatoka na choo, unaingia kwa maji na mikono. Na maji yanayomtoka usipoyarudisha, kesho utachimba kaburi."

Akaagiza maji yachemshwe, yapoe. Katika lita moja akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa, bila kilele. Akamnywesha Ghati kidogo kidogo. Alipotapika, wakangoja, wakampa tena, mpaka gari la hospitali likaja.

Kijiji kilichimba vyoo, kikaacha bakuli. Mikono ikamiminiwa maji kwa kata, kwa sabuni.

Ghati alipona, akarudi shule ilipofunguliwa. Bibi yake alikufa wiki ile ile ya ugonjwa, akazikwa na watu wachache, bila matanga. Majirani wawili waliochota maji chini zaidi kwenye kijito walimfuata kaburini. Rukaya alihamishiwa Nyansurura. Mwalimu Athanas yupo bado shuleni. Machage huchemsha maji ya kunywa mwenyewe kila asubuhi. Wanaume wenzake humcheka kwamba amekuwa mke. Yeye huchochea kuni.